Beni na Butembo: msaada wa kanisa ufike pia kwa anayewapokea wahami

Katika miji ya Beni na Butembo, mtu asiye na makao haonekani sana barabarani. Wako watoto wanaolala sokoni na chini ya vibaraza vya maduka, na hao wanahitaji msaada. Lakini wengi wa waliopoteza nyumba zao wamo ndani ya nyumba za watu wengine. Wamelala sebuleni kwa mjomba, jikoni kwa mama mkwe, au kwa mtu wa kijiji chao aliyetangulia kuhama. Kikundi cha kanisa kinachotoka na magunia ya unga kutafuta wahitaji kinaweza kupita mbele ya mlango huo bila kusimama.

Hali hii si ya jana. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewatoa watu Eringeti, Mayi-Moya, Mbau na Oicha, wakiacha mashamba ya kakao na mpunga. Upande wa kusini, M23 iliteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, na familia za kusini mwa teritwari ya Lubero zikapanda kuelekea kaskazini, nyingi zikafika Butembo. Tangu Goma ianguke Januari 2025, Beni imekuwa pia makao ya muda ya serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini. Miji hii miwili, iliyoachana kwa kilomita zisizofika sitini, imebeba wahami wa pande zote mbili.

Mara nyingi makanisa ndiyo yanayofika wa kwanza, na hilo lisemwe wazi. Parokia za jimbo katoliki la Butembo-Beni, CBCA, CECA 20, Waanglikana, CEPAC, Waadventista: watu wakikimbia usiku, asubuhi wanaelekea kwenye uwanja wa kanisa au shule la kanisa. Akina mama wa shirika wanakusanya maharagi, muhogo, sabuni na nguo. Kazi hiyo imekuwa nzito zaidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na mashirika mengi ya kibinadamu yakapunguza kazi.

Kwa sababu hiyo, namna msaada unavyotolewa lazima iangaliwe. Jambo la kwanza ni mwenyeji. Familia iliyokuwa na watu sita inakuwa na watu kumi na wanne. Unga wa juma moja unaisha kwa siku tatu. Makala, chumvi na maji vinahitajika mara mbili, na choo kinajaa mapema. Siku ya mgao, jina linaloandikwa ni la mhami peke yake. Mwenye nyumba anarudi mikono mitupu, wakati yeye mwenyewe sasa anakula mara moja kwa siku.

Mwisho wake unajulikana. Maneno yanaanza jikoni, kisha mgeni anaona haya na kuondoka. Akiwa hana pesa ya garanti ya kupanga nyumba, anabaki na njia moja: kurudi shambani kutafuta ndizi na muhogo, hata kama usalama haujarudi. Watu wengi katika teritwari ya Beni wameuawa wakiwa shambani, walikokwenda kwa sababu ya njaa. Sahani ya bugali inayomsaidia mwenyeji kuvumilia mwezi mmoja zaidi inaweza kuokoa maisha ya mgeni wake.

Jambo la pili ni orodha. Kila kanisa likihudumia waumini wake, kuna familia inayopata mara tatu na jirani yake asiyepata kitu kwa kuwa anasali kwingine au hasali kabisa. Kanisa la kwanza lenyewe lilikutana na tatizo hilo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Walisema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kusimamia kazi hiyo.

Beni na Butembo zinaweza kufanya vilevile. Katika kila karti, makanisa yateue watu wachache wanaoaminika, wakae pamoja na wakubwa wa avenyu na nyumba kumi, waandike daftari moja: nani amefika, ametoka wapi, analala kwa nani. Mgao ugawanywe kati ya mgeni na mwenyeji. Sehemu ya sadaka ilipe garanti kwa familia zinazoweza kujitegemea baadaye. Shule ya msingi ya umma ni bure tangu 2019, lakini daftari na yunifomu si bure, na sekondari inalipwa. Makanisa yenye viwanja na mashamba yanaweza pia kuazima kipande kwa msimu mmoja. Wahami wengi ni wakulima, na maharagi yanakomaa karibu miezi mitatu tu.

Wako watakaosema kwamba makanisa ni maskini, na kwamba kupokea wasiojulikana ni hatari katika eneo ambako adui anajificha kati ya raia. Hofu hiyo ina sababu. Lakini daftari la avenyu linalinda usalama kuliko mgao wa haraka ambamo hakuna anayemjua mwenzake. Makanisa yamekwisha kuonyesha kwamba yanaweza kushika utaratibu mmoja. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ndoo za kunawa mikono ziliwekwa kwenye milango ya makanisa ya kila dhehebu.

Heshima pia haigharimu makuta. Mama aliyekimbia usiku na watoto asipigwe picha akiwa ameshika kopo la mafuta, wala asilazimishwe kusikiliza mahubiri ndipo apewe chumvi.

Hakuna lolote kati ya hayo linaloondolea serikali mzigo wake. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unaweka jukumu la kwanza la kulinda na kusaidia wahami wa ndani juu ya serikali. Wakubwa wa jimbo sasa wanakaa Beni, karibu kabisa na nyumba hizo zilizojaa. Wadaiwe usalama wa barabara na mashamba ili watu warudi kwao. Wakati wanangojewa, kikundi cha kanisa kitakachotoka Jumapili hii kiulize swali moja zaidi kwenye kila mlango: humu ndani mko wangapi?