Besi Si Kelele: Ipange Kabla ya Kuinunua

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni ile sauti nzito ya muziki iitwayo besi. Siku hizi kijana akiweka mitambo ya muziki au ya sinema chumbani mwake, haulizwi anasikiliza nini. Huulizwa wufa yake ni kubwa kiasi gani. Asiye nayo hujiona maskini, akaingia katika deni ili na ukuta wake utetemeke. Mimi nasema mbio hizi aghlabu hazina haja. Besi ambayo mtu anaitafuta dukani mara nyingi imo nyumbani mwake tayari, ila imezuiliwa na mpango mbaya.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Wazee wetu wa pwani, waliopiga msondo, vumi na chapuo, walijua tofauti ya kupiga na kunguruma. Vumi ndiyo yenye sauti nzito, lakini kwa mpigaji hodari kila pigo lasikika peke yake, lina mwanzo wake na mwisho wake. Besi nzuri ndiyo hiyo: hupiga, kisha hunyamaza. Ile inayoburura mkia hata pigo la pili likazaliwa ndani ya la kwanza, hiyo ni ngurumo tu, na debe tupu nalo haliachi kuvuma.

Nianze na waya, kwani hapo ndipo wengi hupotewa. Kila spika ina mahali pawili pa kufungia waya, pekundu na peusi, na amplifaya hali kadhalika. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, basi wakati ile nyingine inasukuma hewa, hii inaivuta, na sauti nzito za pande mbili zinauana. Maneno utayasikia, lakini besi itakuwa imekonda. Zima mitambo, ufuate kila waya toka mwanzo hata mwisho. Nimeingia nyumba zaidi ya moja ambamo mwenyewe alikwisha kuanza kuweka akiba ya kununua wufa, kumbe dawa ilikuwa kugeuza waya mmoja.

Baada ya waya, tazama mahali. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde wimbi lake lina urefu wa sentimita 34 hivi, lakini besi ya mitetemo 40 wimbi lake lapita mita 8, refu kuliko vyumba vyetu vingi. Kwa hiyo besi haiendi mbele kama mwanga wa tochi. Huenea pande zote, ikagonga kuta, ikarudi. Pengine mawimbi husaidiana, pengine hufutana. Isogeze spika karibu na ukuta, na besi itaongezeka bila ya kutoa senti. Pembeni mwa chumba, kuta mbili zinapokutana, itaongezeka zaidi, ila na ngurumo nayo iko karibu. Kama spika ina tundu nyuma, usiikandamize ukutani. Iachie nafasi ya kupumua. Wala usiitie ndani ya kidaka cha nyumba ya mawe, hata ikipendeza macho, maana itasema kama mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Na wewe usikae katikati ya chumba, kwani mara nyingi hapo ndipo besi hupungua. Sogeza kiti nusu mita, usikilize, kisha usogeze tena.

Wenye mitambo ya sinema ya spika tano wana jambo jingine. Amplifaya hizo, katika mipangilio yake, huuliza kama wufa ipo au haipo, na kama spika ni kubwa au ndogo. Mtu akiacha jibu kwamba wufa ipo, hali haipo, sauti nzito hupelekwa kwenye tundu lisilo na kitu, zikapotea. Jibu kweli: wufa haipo, spika za mbele ni kubwa, za nyuma ni ndogo. Hapo besi itapelekwa mbele, kwa zile zenye kifua cha kuibeba.

Vitufe viwe vya mwisho. Wengi hukimbilia kuzungusha besi hadi ikome. Wafahamu kwamba kuongeza desibeli 3 kwahitaji nguvu za umeme mara mbili, na desibeli 10 mara kumi. Amplifaya ndogo itakwaruza na spika itaungua. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Bora kupunguza. Ukiwa na vitufe vya kugawa sauti, shusha kidogo eneo la mitetemo 150 hadi 300, ambalo ndilo hutia muziki tope, na kishindo kilicho chini yake kitajitokeza. Na ukisikiliza kwa sauti ndogo usiku ukaona besi imetoweka, si ubovu wa mitambo. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza besi kabla ya kupoteza maneno. Hapo nyongeza kidogo ni halali.

Kwa nini nakazania haya? Kwa sababu katika taarabu yetu mwenye nyumba ni neno, na besi ni msingi wa nyumba. Tulimpenda Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, aliyemfuata mwaka 2016, kwa kuwa kila neno lao lilifika. Ngurumo ikizidi, fumbo la mshairi huzama na msikilizaji habaki na kitu ila kutikisa kichwa. Na jirani je? Ukuta huzuia sauti nyembamba, lakini nzito hupenya. Jirani yako hapati wimbo. Apata bum, bum, hadi alfajiri, naye ana mgonjwa ndani au mtoto wa mtihani.

Sisemi kwamba mpango hufanya miujiza. Spika yenye uso wa inchi 4 haiwezi kutoa mtetemeko wa chini kabisa wa sinema, na atakaye huo hana budi kununua kisanduku. Wala santuri kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 hazina besi nzito ya kufukuliwa. Ukizidisha utaongeza mkwaruzo wa santuri yenyewe. Lakini aliye wengi hataki nyumba itetemeke. Ataka ngoma isikike kama ngoma, na mwimbaji asikike kama mtu. Huyo namshauri akague waya, asogeze spika na kiti, ajibu maswali ya amplifaya kwa ukweli, na fedha za wufa azitie katika karo ya watoto.