Anayejenga kwa mbali ajifunze lugha ya fundi

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, lakini sikuionja maana yake mpaka nilipojaribu kuikarabati nyumba ya Lamu huku nikiishi Ujerumani.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu nyanya yetu. Imo katika Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Dari ilikuwa ikivuja na lipu ikibanduka. Wakati huo nilikuwa nimekwenda ng'ambo kufundisha Kiswahili kwa miaka miwili. Tukaafikiana katika ukoo kwamba mimi nitoe fedha na maagizo, shangazi awe msimamizi, na kazi apewe fundi mmoja mzee, mtu mwaminifu na hodari.

Katika chumba cha ndani palikuwa na kuta mbili zilizotazamana. Mmoja ulikuwa wa matofali ya saruji, uliojengwa miaka ya karibuni ili kupata stoo. Wa pili ulikuwa wa kale, wenye safu za zidaka ambamo nyanya alipanga sahani zake za kaure. Nilimpigia fundi simu nikamwagiza aubomoe ukuta wa kushoto. Akauliza, "Ukuta huu wa kushoto, Mwalimu?" Nami kwa haraka nikamjibu, "Naam, huo huo." Kabla ya adhuhuri shangazi alinipigia simu akilia. Zidaka zote zilikuwa kifusi.

Je, nani aliyekosa? Mimi, kwa mawazo yangu, nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama ndani. Fundi alikuwa amesimama ndani akitazama mlangoni. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Zaidi ya hayo, neno "huo" lina kazi mbili: huonyesha kitu kilicho karibu na msikilizaji, na hurejelea kitu kilichokwisha kutajwa. Mimi nilikuwa nikirejelea. Yeye alielewa kwamba ninaonyesha. Somo hili huwafundisha wanafunzi wangu katika muhula wa kwanza, nami ndiye niliyefeli mtihani wake.

Niliporudi, mzee yule aliniambia kwa upole, "Mwalimu, ungalisema ukuta wa kibla, hata gizani nisingekosea." Kwa mtu wa Lamu, kibla ni upande wa kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa kisiwa hicho. Kibla hakigeuki mtu anapogeuka. Wazee walikuwa na istilahi thabiti ya kupanga nyumba. Sisi tuliosoma tukaiacha tukashika kushoto na kulia.

Kosa la pili lilikuwa langu vilevile. Nilimwandikia shangazi kwamba kuta za juu zipigwe lipu mpya. Sikusema lipu ya nini. Vijana walioajiriwa kumsaidia mzee wakapiga ya saruji, kwani kwao lipu ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Masika yalipokwisha, lipu ile ilianza kupasuka na kuanguka vipande vipande, ikibandua na jiwe. Tukalipa mara mbili: kwanza kuipiga, kisha kuibandua.

Msomaji ataniuliza: je, picha za simu hazikusaidia? Zilikuja nyingi, lakini picha huonyesha kazi iliyokwisha kutendwa. Kabla ya nyundo kupiga, kinachotawala ni neno.

Jambo hili si langu peke yangu. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 za Marekani. Sehemu ya fedha hizo hugeuka msingi, kuta na paa. Kila anaporudi mtu akaikuta nyumba si ile aliyoiwaza, twasikia wimbo ule ule: fundi mwizi, jamaa mlafi. Wezi wapo, sikatai. Lakini nashuku kwamba baadhi ya hasara tunayoiita wizi ni maagizo yaliyotolewa na mtu asiyejua jina la kitu anachokitaka.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Tunawafundisha wanafunzi kwamba kutokana na "pika" twapata "mpishi", na kutokana na "andika" twapata "mwandishi". Ni wangapi wetu huongeza kwamba kutokana na "aka", yaani kujenga kwa mawe, twapata "mwashi"? Neno limo kamusini. Darasani halimo. Mwanafunzi hupata alama nzuri katika ngeli, kisha hawezi kumweleza mwashi anataka nini kwa timazi wala kwa pimamaji.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili awapeleke wanafunzi wake, japo mara moja kwa muhula, mahali panapojengwa nyumba, kila mmoja na daftari lake, wakaandike maneno kama wayasikiavyo kwa mafundi. Wazee wanaoyajua wanapungua. Pili, wewe unayejenga kwa mbali, kabla ya kutuma fedha mwombe fundi akurudishie agizo lako kwa maneno yake mwenyewe. Ukisikia ametaja kitu usichokijua, uliza, wala usione haya. Swali moja la simu ni rahisi kuliko ukuta.

Ukuta wa zidaka tumeujenga upya kwa mawe na chokaa, na mzee ndiye aliyeusimamia. Umenyooka, ni imara, wala hauna ila. Lakini zidaka za awali zilichongwa na mikono iliyokwisha kuzikwa. Shangazi aliutazama ukuta mpya kwa muda mrefu, akasema ni mzuri, kisha akazichukua sahani za nyanya akazirudisha kabatini.