RAM Haiponyi Kila Kitu

Programu ikikwama katikati ya kazi na kulalamika kwamba memori imekwisha, ushauri wa kwanza huwa ni ule ule: ongeza RAM. Umezoeleka mno, na mara nyingi unamtia mtu hasara bure.

Tazama Java. Nafasi za safu katika lugha hiyo huhesabiwa kwa namba kamili za biti 32, kwa hiyo safu moja haiwezi kuzidi vipengele 2,147,483,647. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 16 na mwenye seva ya terabaiti nzima wote mpaka wao ni huo. Lugha ya R nayo ilikuwa na kikomo hicho hadi toleo la 3.0.0 lilipotoka mwaka 2013, na kilichokiondoa ni msimbo wa lugha yenyewe kubadilishwa.

Kuna wakati memori kubwa ndiyo inayoleta balaa. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza hadharani kasoro iliyokaa kwa takriban miaka 9 ndani ya maktaba ya Java, katika msimbo alioandika mwenyewe wa kutafuta kwa kugawa safu nusu kwa nusu. Msimbo ulijumlisha nafasi ya chini na ya juu, kisha ukagawa kwa 2. Safu ikivuka vipengele bilioni 1 na ushei, jumla hufurika, hugeuka hasi, na programu huanguka. Enzi za memori ndogo nani angekuwa na safu ya ukubwa huo? Mashine zilipokua, kasoro ikajitokeza.

Halafu kuna upotevu wa kujitakia. Mwanafunzi anataka umbali kati ya vituo 100,000 vya ramani, kila kimoja kwa kila kingine. Hizo ni seli bilioni 10, na kwa baiti 8 kila seli, gigabaiti 80. Kumwambia huyo akanunue RAM, naye ana kompyuta mpakato ya gigabaiti 8, ni kumfungia mlango wa taaluma kwa jambo linalotatulika kwa kalamu na karatasi. Umbali wa kwenda ni sawa na wa kurudi, basi nusu ya jedwali haina kazi. Kilomita hazihitaji tarakimu 15 za uhakika. Baiti 4 zinatosha. Zinabaki gigabaiti 20.

Bado ni nyingi, ila je, anazihitaji zote? Kama anachotafuta ni majirani 10 wa karibu wa kila kituo, matokeo ni namba milioni 1 tu. Akipiga hesabu kwa mafungu ya safumlalo 1,000, akahifadhi majirani na kulifuta fungu kabla ya kuanza jingine, hata kwa baiti 8 kila fungu litachukua megabaiti 800, na kompyuta yake ile ile itaimaliza kazi.