Kishikwambi Hakifundishi Peke Yake

Imani kwamba mtandao na kishikwambi vikifika shuleni elimu nayo imefika ni ya kupotosha, na hupotosha zaidi kwa sababu huvaa vazi la maendeleo. Wanasiasa huihubiri kwenye kampeni, magazeti hupamba kurasa kwa picha za makabidhiano, na wapenzi wa teknolojia huiona haihitaji ushahidi. Mwaka 2013 nchini Kenya, muungano wa Jubilee uliomba kura ukiahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza. Tanzania nayo iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Agosti ya mwaka huohuo, mtandao wa kasi wa TTCL ulizinduliwa katika Mlima Kilimanjaro, kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anayepanda kwa njia ya Marangu sasa huwatumia ndugu zake picha kabla hajakiona kilele. Hilo ni jema kwa utalii, na ni jema zaidi kwa waokoaji. Lakini darasa la Marangu halikupata mwalimu wa hisabati kwa sababu Horombo imepata mtandao.

Ushahidi unaopendwa zaidi na watetezi wa imani hii ulitoka mkoa wa Tanga, jirani na Kilimanjaro. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15 na mfadhili mkuu Elon Musk, lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170. Shabaha ilikuwa mtoto ajifunze mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa miezi 15. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Jaribio lilipokwisha, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.

Matokeo hayo yanastahili heshima, kwani wengi wa watoto hao hawakuwahi kukanyaga shule. Ila yasomwe yote. Baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu, karibu nusu ya watoto walikuwa bado hawawezi kusoma neno hata moja. Nao waliofanikiwa hawakuachiwa kifaa kitupu. Programu ziliandaliwa kwa Kiswahili, mitambo ya umeme wa jua ilifungwa vijijini kwa ajili ya kuchaji, na akina mama wa hapohapo wakakabidhiwa kuviangalia vishikwambi hivyo. Kusema kwamba kishikwambi ndicho kilichofundisha ni kuwadhulumu watu wote hao.

Jaribio la KiuFunza, lililofanywa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za msingi za Tanzania, halikuhusu vishikwambi, lakini linagusa kiini cha suala. Shule zilizopewa ruzuku tu zilinunua mahitaji yao, na alama za watoto hazikubadilika. Zile ambazo pamoja na ruzuku walimu wake walilipwa motisha kwa kila mtoto aliyemudu kusoma na kuhesabu, alama zilipanda. Mali iliyoingia shuleni ilizaa matunda pale tu mwalimu naye alipotazamwa.

Hata teknolojia ya zamani inashuhudia hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kufundisha usafi na kinga ya maradhi, ikawafikia watu wapatao milioni 2. Redio haikuachwa iseme peke yake. Wasikilizaji walikaa katika vikundi wakiwa na vitabu mkononi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Viongozi hao walikuwa maelfu kwa maelfu. Kipindi kilipokwisha, watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Wachagga wa Kilimanjaro hawana haja ya kuagiza somo hili kutoka mbali, kwa kuwa wanao mfongo. Maji ya mto huzuiwa huko juu kwa mawe, matawi na udongo, yakaingizwa kwenye mfereji uliochongwa ubavuni mwa mlima hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba. Mvua kubwa ikibomoa kizuizi, wenye mfongo hutoka na majembe. Asiyetoka hutozwa faini. Kila nyumba inaijua zamu yake. Pale umoja huo ulipovunjika, mfereji ulijaa tope na migomba ya chini ikakosa maji, ingawa mto haukuacha kutiririka. Shule za mlimani nazo zilisimama kwa nguvu kama hiyo: misheni, fedha za kahawa, na wazazi ambao katika miaka ya 1980 walichangishana kujenga sekondari pale serikali ilipokuwa haijajenga za kutosha.

Tena kuna jambo ambalo hakuna kifaa kinacholiondoa. Mtoto wa shule ya umma husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kishikwambi chenye maelfu ya vitabu asivyovielewa hakimpunguzii mzigo huo. Anayehitajika hapo ni mwalimu wa lugha, mwenye muda na darasa lisilofurika.

Kwa hiyo kamati ya shule ya Kibosho, Uru au Old Moshi inayoletewa vishikwambi isikimbilie kupiga picha. Iulize nani atavichaji, nani atavitengeneza vikiharibika, programu zake ni za lugha gani, na ni mwalimu yupi aliyefundishwa kuvitumia. Majibu yakikosekana, iombe fedha za vishikwambi hivyo ziajiri walimu.