Tembo Mmoja, Ofisi Tatu

Serikali inapotangaza kuunganisha taasisi zake, habari inayotangulia huwa ni idadi. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2023, ilipotangazwa kwamba taasisi 16 za umma zitaunganishwa na 4 zitafutwa. Kwa msomaji wa wilaya za Tarime na Serengeti idadi hiyo haina uzito mkubwa. Kinachomhusu ni kama mkulima wa Machochwe ambaye mahindi yake yameliwa usiku atajua asubuhi aende ofisi gani, na kama sheria inaibana ofisi hiyo imjibu. Tunachosema katika toleo hili ni kwamba kupanga upya taasisi pasipo kuandika upya sheria zake kunabadilisha mabango ya ofisi tu, huku mzigo ukibaki mabegani mwa yuleyule aliyekuwa akiubeba.

Serengeti inafaa sana kuipima hoja hii, maana mamlaka za huko zimegawanywa na kugawanywa tena. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo na kupewa sheria yake, na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) likapata sheria ambayo leo ni Sura ya 282. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti yakatangazwa kuwa mapori ya akiba. Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na chini yake, kwa amri ya mwaka 2014, ikaundwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), iliyoanza kazi mwaka 2016 ikiwa na dhamana ya mapori ya akiba na wanyama walio nje ya hifadhi za taifa. Hapo ndipo penye kasoro. Mamlaka nzima ilizaliwa kwa amri, wakati sheria mama ilikwisha kumkabidhi madaraka Mkurugenzi wa Wanyamapori, kwa kuwa ilipotungwa TAWA haikuwapo. Hata kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa walioharibiwa mazao, kujeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori, za mwaka 2011, ziliandikwa miaka mitatu kabla ya amri hiyo.

Matokeo yake yanaonekana shambani. Tembo akiwa ndani ya bikoni za mpaka wa hifadhi ni wa TANAPA. Akivuka usiku kuingia kwenye mahindi au mtama, anakuwa wa TAWA. Wanaomfukuza ni wanakijiji wenyewe, kwa tochi, madebe na moshi wa pilipili, hadi askari watakapofika. Kukicha, tembo ameshavuka tena kurudi hifadhini. Anayepokea taarifa ni mtendaji wa kijiji, wanaokuja kupima hasara ni afisa wanyamapori na afisa kilimo wa halmashauri, ambao mwajiri wao yuko upande wa serikali za mitaa (TAMISEMI), na malipo yanatoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 25,000 kwa ekari kwa shamba lililo mita 500 au zaidi kutoka mpaka wa hifadhi, zikapanda hadi 100,000 kwa lililo zaidi ya kilomita 5, na hazikulipia zaidi ya ekari 5. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupata kitu. Shilingi 25,000 hazinunui hata gunia moja la mahindi. Lakini kiwango kidogo si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa ni kwamba katika mlolongo huo wote hakuna ofisi moja ambayo mkulima anaweza kuinyooshea kidole na kusema: hii ndiyo yenye wajibu.

Wapo watakaosema dawa ni kuunganisha TANAPA na TAWA. Hatukubaliani nao. Hifadhi ya taifa hairuhusu uwindaji, pori la akiba linauruhusu kwa kibali. Ni kazi mbili zenye taratibu tofauti, na kuzichanganya kunaweza kudhoofisha zote mbili. Wengine watasema sheria huchukua muda, kwa hiyo taasisi zitangulie. Ushahidi unakataa. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha iliihamishia Mamlaka ya Mapato (TRA) kazi ya kukusanya mapato ya TANAPA na Ngorongoro, fedha zikaelekea Mfuko Mkuu wa Hazina. Na taasisi mbili za uwekezaji, TIC na EPZA, zilipounganishwa kuwa TISEZA, Bunge liliitungia mamlaka hiyo sheria yake mwaka 2025. Inapotakiwa mapato ya Hazina au urahisi wa mwekezaji, kalamu ya sheria hufanya haraka. Mkulima wa mpakani anastahili haraka hiyohiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: malipo yatatoka wapi? Hatuwezi kulikwepa, na somo lake liko ng'ambo tu ya mpaka, kwa jirani zetu wa Kenya. Huko Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) linashughulikia wanyama ndani na nje ya hifadhi, na sheria ya mwaka 2013 iliahidi shilingi milioni 5 za Kenya kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, madai yakipitia kamati za kaunti. Ofisi ikawa moja, sheria ikawa na ukarimu, lakini chanzo cha fedha hakikuendana na ahadi, na madai yakarundikana kwa miaka bila kulipwa. Somo hilo halituambii tuache kuahidi. Linatuambia kwamba chanzo cha malipo kiandikwe katika sheria ileile inayotoa haki.

Kwa hiyo tunachoomba kinaweza kuandikwa kwenye muswada mfupi. TAWA ipewe sheria yake badala ya kusimama juu ya amri. Sheria hiyo itaje kwa jina ofisi moja wilayani, Mugumu kwa Serengeti na mjini Tarime kwa Tarime, itakayopokea taarifa, kupima hasara na kulipa, hata kama askari wanaofukuza tembo ni wa taasisi mbili. Iweke siku za mwisho za kulipa. Itenge sehemu ya mapato ya utalii wa Serengeti kwa malipo hayo kabla hayajagawanywa kwingine. Na kanuni zake zipitiwe na halmashauri za Serengeti na Tarime kabla ya waziri kuzitia saini, kwa sababu maafisa wa halmashauri ndio wanaosimama shambani asubuhi hiyo, mbele ya mwenye shamba, bila jibu la kumpa.