UPEPO HAUENDI KWA WASTANI

Visiwa vyetu vimejengwa na upepo. Kaskazi, unaovuma baina ya Disemba na Machi, ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Na Kusi, unaoanza Aprili hadi Septemba, ndio uliokuwa ukiyarudisha. Wazee wetu waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, ili nahodha ajue lini atweke tanga na lini atie nanga. Elimu hiyo ni hazina. Hata hivyo, msimu ni kipimo kimoja tu cha upepo, na wahenga walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu.

Ndani ya msimu mmoja upepo hubadilika kwa saa. Alfajiri nchi kavu huwa imepoa, na umande huvuma taratibu kuelekea baharini. Mvuvi wa ngalawa hutoka nao. Jua likipanda, ardhi hupata moto upesi kuliko bahari, hewa yake hunyanyuka, na ya baharini huingia kushika nafasi. Ndiyo maana bahari iliyolala saa kumi na mbili asubuhi huweza kuwa imechafuka saa nane mchana wa siku ile ile.

Ndani ya saa moja nako upepo hautulii. Wenye wastani wa kilomita 20 kwa saa huweza, kwa muda mfupi, kupiga kilomita 40. Mtu atadhani nguvu imeongezeka mara mbili. La hasha! Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Kasi ikizidi maradufu, tanga au ubavu wa boti husukumwa kwa nguvu mara nne. Muda huo mfupi ndio unaopindua chombo.

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya Kusi, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, mwendo mfupi kutoka Mji Mkongwe. Watu zaidi ya 100 walikufa au kupotea. Chombo hicho kilikuwa kimetumika awali katika maji yaliyokingika ya jimbo la Washington, Marekani. Hatuitaji ajali hiyo kwa kutonesha madonda, bali kwa kukumbusha kwamba chombo hupimwa kwa bahari kitakayokutana nayo.

Kipimo cha mwisho ni cha vizazi. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika uongozi wa zao hilo. Aprili 1952 tufani nyingine iliipiga Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Baina ya matukio hayo ilipita miaka 80, kisha 72, nao ni umri wa mtu. Afisa huweza kuanza kazi na kustaafu asishuhudie hata moja, akadhani hatari haipo.

Kwa hiyo tunasema bila ya kusita. Kwanza, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania isomwe kila diko, kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi, kwa lugha ya wavuvi; itaje saa, na itaje pigo kali linalotarajiwa pamoja na wastani. Masheha na kamati za wavuvi wabebe jukumu hilo. Pili, ruhusa ya kuondoka bandarini itolewe kwa kuangalia upepo wa njiani na wa saa ya kufika, wala si utulivu unaoonekana gatini. Amri ya kusimama iwe moja kwa boti kubwa na kwa dau.

Tatu, haki itendeke. Mvuvi anayezuiwa kwenda baharini siku tatu ana watoto wanaongoja kula. Vyama vya ushirika, vikisaidiwa na Serikali, viweke mfuko wa siku za upepo. Bila ya mfuko huo, amri yetu itakuwa ya karatasi, na njaa itamtoa mtu baharini saa ile ile tuliyomkataza.

Upepo ni amri ya Mwenyezi Mungu. Kuupima, na kumpa khabari yake anayehitaji kabla hajatweka tanga, ni kazi yetu.