Tamko la Abiria wa Ndege: Sababu ya Kuchelewa Iandikwe



Chama chetu cha abiria wa ndege kinatoa tamko hili kwa sababu malalamiko yanayotufikia yanafanana mno. Abiria anafika uwanjani alfajiri, anaambiwa ndege imechelewa kidogo. Adhuhuri anaambiwa avute subira. Jioni safari inaghairiwa. Akiuliza kisa, anajibiwa "sababu za kiufundi", na mazungumzo yanaishia hapo. Anarudi nyumbani bila karatasi yoyote mkononi. Siku anapokwenda kudai, shirika linasema ilikuwa hali mbaya ya hewa, naye hana cha kupingia.

Hatuna ugomvi na usalama. Ndege yenye hitilafu ibaki chini, na rubani aliyemaliza saa zake za kazi akapumzike. Tunajua pia kwamba ndege moja hupiga safari kadhaa kwa siku, hivyo mvua ya asubuhi Mwanza yaweza kumkwamisha abiria wa jioni Mbeya ambako hakuna hata wingu. Tunachokikataa ni kufichwa.

Sheria ipo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zimejiunga nao, unalibebesha shirika hasara inayotokana na kuchelewa kwa safari ya kimataifa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuizuia, au kwamba haikuwezekana kuichukua. Angalieni nani anatakiwa kuthibitisha: ni shirika, si abiria. Tangu 28 Desemba 2024 ukomo wa dai hilo ni SDR 6,303 kwa abiria mmoja, SDR ikiwa kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Wako wanaodhani hicho ni kifuta jasho cha kila aliyecheleweshwa. Sicho. Unalipwa kadiri ya hasara uliyoithibitisha, kwa hiyo risiti ya hoteli, ya teksi na ya tiketi mpya zitunzwe. Begi lililochelewa lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, lililoharibika ndani ya siku 7. Kesi mahakamani mwisho wake ni miaka 2.

Wenzetu wa Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Chini ya Kanuni namba 261 ya 2004 ya Umoja wa Ulaya, anayeruka kutoka Amsterdam kuja Nairobi, kwa ndege ya shirika lolote, akifika akiwa amechelewa saa 4 au zaidi kwa jambo ambalo shirika lingeweza kuliepuka, anastahili euro 600. Anayetoka Nairobi kwenda Amsterdam analindwa na kanuni hiyo iwapo tu shirika ni la Ulaya. Na majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga mwaka 2010, mahakama ya Umoja huo ilikuja kuamua mwaka 2013 kwamba hata janga la namna ile halilifutii shirika wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria aliyekwama. Fidia yaweza kuondoka. Sahani ya chakula na kitanda havikuondoka. Msimamo huo ndio tunaoutaka hapa kwetu.

Basi tunayataka mashirika yote yampe kila abiria, hapo hapo kaunta au kwa ujumbe wa simu, maandishi yanayotaja sababu ya kuchelewa, saa mpya ya kuondoka na chaguo alizonazo, ikiwemo kurejeshewa nauli kwa fedha. Vocha isisukumwe mkononi mwa mtu kana kwamba ndiyo njia pekee. Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya tunaziomba ziyafanye maandishi hayo kuwa lazima, na zitangaze kila mwezi shirika lipi linaruka kwa wakati na lipi haliruki.

Kwa mawakala tuna neno moja, nalo ni kali: acheni kujaza namba zenu za simu mahali pa namba ya abiria. Ujumbe wa kughairiwa unaingia kwenye simu ya wakala aliyelala, abiria yuko barabarani na mabegi.

Nasi abiria tujipange. Mtu wa Bukoba anayekwenda Umra akinunua tiketi ya Dar es Salaam kwa shirika moja na ya Jeddah kwa jingine, ya kwanza ikichelewa, la pili litamhesabu kuwa hakutokea na nauli yake huenda ikapotea. Tiketi moja ya safari nzima mara nyingi ni ghali kidogo, lakini kipande cha ndani huhesabiwa sehemu ya safari ya kimataifa na shirika hutakiwa kukufikisha. Anayelazimika kukata mbili, atangulie kwa siku moja.

Usiondoke kaunta kabla ya kudai maandishi. Ukinyimwa, piga picha ubao wa ratiba, andika saa na maneno uliyoambiwa, tunza pasi yako ya kupandia ndege. Dai kwanza kwa shirika, kwa barua au barua pepe. Lisipokujibu, peleka kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa Tanzania liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, na kusikiliza malalamiko haya ni kazi yake.